Kitoweo cha Otmari

Mwezi uliopita mdogo wangu Otmari alikuja kunitembelea pamoja na mkewe. Asubuhi niliweka mezani chai na mihogo ya kuchemsha, kama ninavyowawekea wageni wote. Otmari akainuka, akaenda jikoni, akafunua sufuria ya maharage ya jana na kujipakulia sahani nzima. Mkewe akacheka. "Wifi, huyu mtu asipokula maharage au yai asubuhi, hatoki nyumbani. Nilidhani alifundishwa jeshini, kumbe hata jeshi hajaliona." Nikacheka naye. Habari ya sindano alizokuwa akidungwa ujanani anaijua, maana Otmari alimweleza kabla hata ya posa. Asichokijua ni jinsi ilivyokuwa kazi kulifikisha hilo harage kwenye mdomo wa mumewe. Nilikuwa nacheka huku nikiukumbuka mwaka ule. Walipoondoka nilimpigia simu nikamuuliza kama naweza kuandika. Akasema, "Andika, dada. Ila usinifanye mnyonge."

Habari za wazazi wetu sitazieleza hapa. Walikuwa wameshaondoka, mimi nilikuwa nimeshaacha shule, na nilikuwa nashuka Mbamba Bay kununua usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, na kupanda nao kuuza soko la Mbinga. Otmari alikuwa na miaka kumi na tisa, lakini ukimwona ungempa kumi na nne. Alikuwa mrefu, mikono na miguu imevutika kama ya panzi, ila kidevu kilikuwa kitupu na sauti ilikuwa ileile ya siku ya Komunyo yake ya Kwanza. Kwenye kwaya ya parokia aliimba sauti ya kwanza pamoja na wasichana. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwungwana, akamsimamisha pembeni kabisa ili ionekane kama yuko na wanaume wa besi. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma nikimtazama akifungua mdomo, nikiomba wimbo uishe.

Vijana wenzake hawakuwa waungwana hivyo. Wakati wa mavuno tulikuwa tunapeleka kahawa mbivu kwenye mashine ya kumenyea iliyokuwa mtoni, na foleni ilikuwa ndefu. Siku moja nilikuwa nyuma na ndoo yangu, hawakuniona. Mmoja akasema, "Otmari, leo umekuja na dada yako mdogo?" "Dada yupi?" akauliza Otmari. "Huyo anayeongea mdomoni mwako." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Otmari naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wao, halafu akainama abebe gunia ambalo hakupaswa kulibeba peke yake, ili wamwone. Gunia likamwelemea, akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Nilisikia mlio wake. Mpaka leo nikivunja kuni kavu huwa nageuza uso.

Mkono ule ndio uliotupeleka hospitali. Mganga aliyemfunga plasta alimtazama kwa muda, akamuuliza maswali ambayo mimi nilitoka nje nisiyasikie, kisha akatuandikia twende Songea. Huko walichukua damu, na tuliporudi kusikiliza majibu tulimkuta daktari kijana, mkavu, asiye na maneno mengi. Akamuuliza Otmari, "Dada atoke?" Otmari akasema, "Abaki." Kwa hiyo nilibaki, nikatazama dirisha. Daktari akasema mwili wa Otmari hautengenezi homoni ya kiume ya kutosha, ile inayoitwa testosteroni. Si kosa la mtu, si kulogwa, si laana ya ukoo. Ndiyo maana ndevu hazijaota, sauti haijavunjika, misuli haijai, na hata mifupa inakosa nguvu. Atapewa kwa sindano, kila baada ya wiki tatu, wataanza na kiasi kidogo.

"Nitapata misuli?" Otmari aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Ukila," daktari akajibu. "Jana ulikula nini?"

"Ugali."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa majani ya maboga."

"Na juzi?"

Otmari akafikiri. "Majani. Hapana, juzi kulikuwa na maharage. Kidogo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sikiliza, bwana mdogo. Sindano ni fundi. Nikikutumia fundi nyumbani akakuta hakuna tofali, atakaa chini anywe chai. Matofali ni maharage, samaki, yai, karanga, maziwa ukiyapata. Kila mlo, si Jumapili tu. Ugali usiuache, maana usiposhiba mwili utachoma matofali yenyewe upate moto. Mkono ukipona, fanya kazi ya kubeba na kulima, misuli haiji kwa mtu anayelala. Halafu uvumilie." Kisha akanigeukia mimi. "Na asije akajiongezea dozi. Homoni ikizidi, damu inakuwa nzito, na damu nzito inaweza kuziba kwenye moyo au kichwani. Ndiyo maana kila mara tutampima."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayarudia maneno hayo: damu nzito, moyo, kichwa. Otmari alikuwa anarudia mengine. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha gari na kunong'ona, "Maharage, samaki, yai," kama anayejifunza sala.

Mtu wa mahali pengine atasema kazi ilikuwa imekwisha hapo: dada anauza samaki, dada apike samaki, kijana ale. Lakini kilimani kwetu wakati ule bado tulikuwa na sengu. Wanaume wote wa ukoo, kuanzia wazee hadi vijana waliokwisha kuacha kula na mama zao, walikula pamoja kwenye kibanda kilichojengwa uwanjani kwa baba mkubwa. Kila nyumba ilipika na kupeleka ugali wake na kitoweo chake, na vyote viliwekwa katikati. Mambo ya ukoo yalizungumzwa hapo, vijana walionywa hapo, mashamba yaligawiwa hapo. Wanawake na watoto tulikula jikoni. Na sengu ilikuwa na utaratibu: wazee walinawa kwanza, walimega kwanza, na mkono wa kijana haukuingia kwenye bakuli la kitoweo mpaka mikono ya wazee imeshapita. Ukikuta samaki, umekuta mchuzi na mfupa wa mkia.

Siku hizi watu wetu wanakula majumbani mwao mbele ya televisheni, na wazee wachache waliobaki wanailaumu sana hali hiyo. Mimi siwezi kuisema sengu vibaya. Sisi tulipoachwa wenyewe, sikuwa na unga, na Otmari alikula kwenye sengu kila siku wala hakuna aliyemuuliza umeleta nini. Bakuli lile lilimtunza. Lakini mwaka ule bakuli hilohilo lilikuwa linamnyima, na sikujua la kufanya. Nilimwambia, "Kula hapa jikoni na mimi na Rozi, nikupe samaki mzima." Rozi ni mdogo wetu wa mwisho, wakati ule alikuwa shule ya msingi. Otmari akanitazama kama nimemtukana. "Nikale na wanawake? Dada, mimi natafuta kuwa mwanaume, wewe unanirudisha jikoni? Kesho mlima mzima utajua." Alikuwa sawa. Mwanaume asiyeonekana kwenye sengu huulizwa, na akiulizwa sababu itatoka. Nilimwogopea ulimi wa watu kuliko nilivyouogopa ugonjwa. Nilisikia kabisa jinsi watakavyosema: yule hata si mwanaume, anadungwa uanaume Mbinga mjini.

Basi nikafanya kosa ambalo sijui kama mwanamke wa mahali pengine angeweza kulifanya. Niliongeza chakula cha kupeleka. Niliona kwamba bakuli likijaa, hata baada ya wazee kushiba kitabaki cha kumfikia Otmari. Usipa niliokuwa niuze niliukaanga kwa karanga za kusaga. Maharage nilipika chungu kizima. Mayai nilichemsha nikayavunjavunja kwenye mchuzi ili yasihesabike. Nikishuka ziwani nilirudi na mbasa, samaki mnene mwenye nyama nyekundu, nikamkatia vipande vikubwa nikiamini kipande kikubwa hakiwezi kumalizwa na mzee asiye na meno. Nilikuwa siwajui wazee. Kadiri nilivyoongeza ndivyo walivyokaa muda mrefu zaidi bakulini. Nyumba nyingine zilipoona kitoweo cha kwetu kimejaa, zikapunguza vya kwao, zikaleta majani tu. Nikiwa napita nyuma ya kibanda na kuni nilimsikia mzee Betram, binamu yake baba mkubwa, akisema, "Huyu binti wa usipa ametufufua. Mimi hata goti halinisumbui tena." Baba mkubwa akamjibu, "Acha goti. Mkanda wangu umebakiza tundu moja." Wakacheka. Mimi nikasimama pale na kuni kichwani, nikaona kwamba tangu mvua za kwanza nilikuwa najenga misuli ya wazee.

Otmari hakusema kitu kwa sababu alikuwa na aibu kusema ana njaa. Sindano aliipata kila ilipofika siku, kwenye hospitali ndogo ya Mbinga mjini, mbali na soko, ambako hakuna aliyetufahamu, nami nilimsindikiza na kumsubiri nje. Sindano yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Sauti ilianza kupasuka, akaacha kwaya mwenyewe kwa kisingizio cha kikohozi. Vinywele vilitokea juu ya mdomo, akawa anavipapasa siku nzima. Lakini mikono ilibaki ileile. Alikuwa na kamba ya mgomba aliyofunga fundo kuonyesha unene wa mkono wake, na kila alipotoka kuoga niliona kivuli chake ukutani akiivuta, akiipima, akiitupa. Alikuwa na hasira fupi, mpya, isiyokuwa yake. Akajituma shambani kama mtu anayefukuzwa: alikata majani, akayapanga, akachimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, mteremko mzima, kwa tumbo la ugali na majani. Kwenye mizani ya hospitali akawa amepungua. Muuguzi alimuuliza, "Kwenu mnakula kweli?" Otmari akajibu kwa ile sauti iliyokuwa nusu yake nusu ya mtu mwingine, "Tunakula vizuri sana."

Jioni moja nilikuwa chumbani nachambua usipa, Rozi ameenda kuchota maji. Otmari akaingia akakaa kwenye gunia. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo tu na harufu ya ziwa haikutoka hata siku moja. Akasema, "Dada, sindano hii ni dhaifu." Nikamwambia sindano si dhaifu, ila yeye hali chakula cha kutosha. Akatikisa kichwa. "Mjini kuna jamaa ana chumba cha kunyanyua vyuma, wanamwita Kifua. Nilimwonyesha kadi yangu akacheka. Amesema hiyo dozi ni ya mtoto. Yeye anajidunga mara nne ya hapo, na umwone alivyo." Akatoa kwenye mfuko wa suruali kichupa kidogo cha kioo, halafu kingine, akaviweka kwenye mkeka katikati ya usipa. "Jumapili baada ya misa atanidunga."

Mikono yangu iliendelea kuchambua yenyewe. "Daktari alisema nini kuhusu damu?"

"Daktari ana misuli yake."

"Otmari, utakufa."

"Nimekaa hivi miaka kumi na tisa, dada. Unafikiri kufa kuna nini?" Alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo niliogopa kweli. Mtu mwenye hasira unaweza kumshika mkono. Aliviokota vichupa vyake, akavipangusa magamba ya samaki, akavirudisha mfukoni.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mkubwa. Nilikuwa nimejipanga njiani: nitamweleza yeye peke yake, ataamuru mtoto apewe kitoweo chake, hatasema sababu. Nilimkuta anaanika kahawa uwanjani. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mama wa mbasa! Umeshuka ziwani lini?" Nikajibu. Akaniuliza habari za barabara, habari za bei, habari za Rozi. Kila aliponyamaza nilifungua mdomo, na kila nilipoufungua nilimwona Betram amekaa kivulini hatua chache kutoka pale, ametega masikio. Mwishoni nilisema, "Nilikuwa nauliza, baba mkubwa, kama vijana pale sengu wanaweza kumega pamoja na wazee. Wanafanya kazi nzito siku hizi." Akaacha kuchambua kahawa. "Nani amekutuma?" "Hakuna." "Otmari amekutuma?" "Hapana, baba mkubwa." Akasema kwa upole, na upole wake ulinifunga mdomo kuliko ukali, "Binti yangu, kijana akisubiri anajifunza. Ninyi mlipobaki peke yenu, unafikiri ni nani aliyekula kidogo ili Otmari ale? Sengu ina macho. Usiwe na wasiwasi." Nikasema asante. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba siri yangu nzima kama nilivyoenda nayo.

Jumapili nilipika mbasa wa mwisho niliyekuwa naye. Nilimkaanga kwanza, kisha nikamrudisha kwenye nyanya na vitunguu mpaka mchuzi ukashikana. Otmari alitoka misani na shati lake jeupe, mfuko wa suruali umetuna. Nilimpa bakuli alibebe, maana lilikuwa jukumu lake, nikamwambia, "Nilikwenda kwa baba mkubwa. Sikuweza kusema. Naomba ule kwanza, ndipo uende mjini." Akanitazama. "Ulitaka kumwambia?" "Nilitaka." "Ulimwogopa?" "Nilimwogopa. Na wewe nakuogopea. Sijui nimwogope nani zaidi." Akachukua bakuli akatangulia, mimi nikafuata na ndoo ya maji ya kunawa, ambayo mwanamke huruhusiwa kuifikisha mpaka ukutani tu. Nikaitua pale. Ningepaswa kuondoka, lakini nikabaki nikichungulia. Ukuta wa kibanda ulikuwa wa mabanzi, na kati ya banzi na banzi niliona magoti ya wanaume, mabakuli, na mikono.

Baba mkubwa akaomba baraka ya chakula. Wakanawa kwa utaratibu. Betram akavuta bakuli letu kwake, akasema, "Haya, tumwone mgeni wa leo." Na kabla hajamega, mkono mrefu, mwembamba, ukatoka upande wa vijana, ukapita juu ya mabakuli ya majani, ukaingia kwenye bakuli la mbasa na kutoka na kipande cha katikati, kile cha mwenye sengu.

Mikono mingine yote ikasimama juu ya mabakuli. Nilifikiri watampiga. Baba mkubwa akasema, "Otmari. Unafanya nini?"

"Nakula, baba mkubwa." Sauti yake ilianzia chini, ikapanda, ikavunjika katikati. Mmoja wa wale vijana wa mashine ya kahawa akaguna kwa kicheko. Otmari akaendelea kuongea, na sikuwahi kumsikia akiongea kwa muda mrefu hivyo mbele ya watu. "Mnanisikia sauti. Mimi ni mgonjwa. Mwili wangu hautoi kile kinachomfanya mvulana awe mwanaume, napewa kwa sindano. Daktari wa Songea amesema sindano bila chakula ni kazi bure. Samaki huyu, yale mayai, zile karanga, dada alikuwa ananipikia mimi. Hakutaka mjue. Mimi pia sikutaka. Sasa mmejua, mcheke, lakini nitakuwa nakula." Nikasikia anatafuna. Alikuwa anatafuna na kulia kwa wakati mmoja.

Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimekingoja mwaka mzima, nilikijua kitakavyoanza na nani atakianzisha. Nilishika mabanzi kwa mikono miwili.

Baba mkubwa ndiye aliyesema. "Betram."

"Naam, kaka."

"Goti lako limepona kwa dawa ya mtoto."

Hakuna aliyecheka. Betram alikohoa, akavuta pumzi, na nikaona mkono wake wenye makunyanzi ukisukuma bakuli polepole juu ya mkeka, ukilipitisha mbele ya wazee wote mpaka kwenye magoti ya Otmari. "Sogea huku karibu," akasema, "usinyooshe mkono mbali hivyo, utamwaga mchuzi." Vijana wakasogeana. Yule aliyeguna akapewa bakuli la majani alishike. Baba mkubwa akauliza, kama anayeuliza habari za mbolea, hiyo sindano ni ya kila lini, na Otmari akamjibu na mdomo umejaa.

Hofu yangu haikuisha hapo. Habari ilishuka mlimani kabla ya jua kuzama, na kwa wiki nyingi kila nilipoingia sokoni watu walishusha sauti. Siku ile nilichojua ni kwamba Jumapili bado ilikuwa ndefu na gari la mjini lilikuwa halijapita. Niliketi kwenye kizingiti cha jikoni nikitazama njia. Wanaume wakatoka mmoja mmoja. Otmari akaja wa mwisho, shati lake jeupe lina doa la nyanya kifuani, amebeba bakuli letu. Akalitua mapajani mwangu, akapita ndani kulala. Ndani ya bakuli kulikuwa na mifupa ya mbasa iliyosafishwa kabisa, na juu ya mifupa vichupa viwili vya kioo, havijafunguliwa.